Trauti Galveston na upepo huu: nahodha, kwa miguu, au tuahirishe?

MwanaPangani: Wakuu, salaam. Nipo Houston. Baba mkwe kaja kutoka Pangani, nimemwahidi kwenda kuvua samaki trauti wa madoa Jumamosi hii. Utabiri unasema upepo maili 20 kwa saa. Nimtafute nahodha wa kutuvusha kwa boti Galveston, pwani ya Texas, nusu siku dola 600? Tuingie majini kwa miguu bila kumlipa mtu? Au tuahirishe?

Chelezo: Upepo wa wapi? Wa kaskazini unayasukuma maji nje ya ghuba, wa kusini-mashariki ni habari nyingine. Mko wangapi? Hizo 600 ni boti nzima au kila kichwa? Arbuni umetoa? Swali nusu, jibu nusu.

Mama Nadia: Nahodha. Ukiwa wa kusini-mashariki atawapeleka West Bay, mwambao wa nyuma ya kisiwa cha Galveston. Pale ni demani, upande uliokingwa na upepo, maji yanatulia. Trinity Bay msikaribie: upepo umeshakimbia ghuba nzima, na kina ni kama mita 2 tu, basi wimbi linakuja fupi fupi, halikupi nafasi ya kupumua.

BwanaNanga: Mimi manahodha nimekoma. Mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, nilimpigia mmoja siku mbili kabla, nikamwambia upepo mkali. "Njoo tu, kapteni, nina sehemu zangu." Sehemu zenyewe joshini, upepo unapopiga! Nanga inaburuta, wanangu wawili wanatapika kwa zamu, yeye anachezea simu. Saa nne nzima tukapata samaki wawili, wote chini ya inchi 15, tukawarudisha. Kudai pesa, naambiwa upepo si kosa lake. Siku hizi naingia kwa miguu, naburuta nyayo mchangani nisimkanyage samaki taa mwenye mwiba, basi.

Chelezo: Pole, lakini upepo uliujua na ukapanda. Mwulize nahodha anatumia chambo gani. Maji yakichafuka, kamba hai chini ya chelezo cha kelele: ukivuta kinabwata, samaki anafuata sauti. Chambo cha mpira hapo ni kuoga tu.

KusiKaskazi: Mpira umenipa samaki kuliko kamba wako. Halafu huyo si trauti wa kweli, ni ukoo wa wale samaki wanaokoroma. Trauti halisi ni wa mito ya Mlima Kenya.

Mama Nadia: Sufuria haiulizi ukoo. Tangu 2024 sheria ni kila mtu samaki 3 kwa siku, inchi 15 hadi 20. Na mzee mkatie leseni ya kuvua, ipo ya siku moja.

MwanaPangani: Samahani, nilisahau. Ni kusini-mashariki, tuko watatu, bei ya boti nzima. Arbuni dola 200 nimeshatoa, hairudi. Mzee anacheka, anasema huu ni kusi mchanga. Yeye anachouliza ni kama Houston kuna nazi, anataka wa kupaka.

BwanaNanga: Hairudi? Sasa ulikuja kutuuliza nini?

Mama Nadia: Nazi ipo maduka ya Wahindi, imekunwa na kugandishwa. Tui la kopo usimpe mzee.

KusiKaskazi: Wa kupaka? Nyama yake laini, itavunjikia kwenye makaa. Kaanga.

Chelezo: Havunjiki ukimwacha na ngozi.

KusiKaskazi: Umewahi kumchoma wewe, au unasema tu?