Tupeane uzoefu: historia ya muziki unaifundishaje darasani?

Ndugu walimu, naomba kila mmoja aeleze namna anavyofundisha historia ya muziki shuleni kwake, hasa historia ya ala ambazo wapigaji wake hawakuacha nota wala maandishi. Mimi nafundisha Kampala, na huanza na mwaka 1966. Wanafunzi husikiliza kwanza rekodi ya entenga, zile ngoma 15 za ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, ambazo 12 kati yake hubeba wimbo kama marimba, kisha nawauliza kwa nini hawajawahi kuzisikia harusini wala kanisani. Jibu linawapeleka Mengo, mwezi Mei mwaka huo, majeshi ya serikali yalipoivamia ikulu, Kabaka akakimbilia uhamishoni na wanamuziki wake wakatawanyika. Mwaka uliofuata falme zikafutwa, zisirudishwe hadi 1993. Entenga ilipigwa ikulu tu, kwa hiyo ikulu ilipoanguka haikuwa na pengine pa kuishi. Amadinda, marimba ya mbao ya Buganda, ilinusurika kwa sababu watu kama Evaristo Muyinda, aliyekuwa mwanamuziki wa Kabaka, waliifundisha hata nje ya ikulu.

— Mwalimu wa Jinja
Huku Busoga tunazo bigwala, tarumbeta za vibuyu ambazo kila moja hutoa sauti moja tu, hivyo wimbo hukamilika kwa wapigaji kupokezana. Mwaka 2012 UNESCO iliziingiza katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Huwatuma wanafunzi wakawahoji wazee wa kwao, na majibu yakigongana tunayaandika yote ubaoni, tukajadili kila mzee alikuwa amesimama wapi, akiwa mpigaji, mchezaji au mtazamaji. Kazi hii hula vipindi vingi, na mwalimu wa taaluma hanung'uniki kwa sauti ya chini.

— Mwalimu wa Nebbi
Kwetu ni adungu, kinubi cha Waalur. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini adungu za shule yetu, kubwa kwa ndogo, zinafuata do-re-mi ileile ya nyimbo za kanisani. Swali hilo lilinipa somo la muhula mzima kuhusu makanisa, shule na mashindano ya nyimbo.

— Mwalimu wa Masaka
Naomba kutofautiana kidogo na mwanzisha mada. Mwanafunzi atakayeendelea na muziki chuoni atakutana na Bach, mtunzi wa muziki wa Ujerumani, na si haki afike huko akiwa mgeni. Hata hivyo, swali lako kuhusu ikulu linamfaa Bach pia: alipomtumikia mtawala wa Köthen, ambaye ibada za kanisa lake hazikutumia muziki mwingi, aliandika zaidi muziki wa ala, alipohamia Leipzig mwaka 1723 akawa na jukumu la kanisani, akaandika kwa wingi kantata, yaani tungo za kuimbwa kwa ala. Darasa langu huweka Köthen na Mengo katika jedwali moja, wakijaza nani alilipa, nani alisikiliza, na muziki ulipigwa wapi.

— Mwanzisha mada
Nimekubali, mwalimu, na jedwali hilo nitalitumia muhula ujao. Kwa wanaohitaji rekodi za zamani, ulizeni Makerere, kwenye hifadhi ya sauti yenye jina la Klaus Wachsmann, aliyerekodi muziki wa Uganda kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Walimu wa Acholi na Ankole bado hatujawasikia.