RTX 3080 iliyotumika au RTX 4070 mpya: ipi itastahimili joto na vumbi la Kampala?

Mhariri_Nasser
Habari zenu wakuu. Nahariri video za kwanjula (sherehe za utambulisho kabla ya ndoa) na harusi kwa programu ya DaVinci Resolve. Ofisi yetu iko Nasser Road, ghorofa ya juu kabisa chini ya mabati, hakuna AC. Nimepata kadi mbili za michoro za kompyuta (graphics card) kwa bei zinazokaribiana: RTX 3080 iliyotumika, ASUS TUF ya feni tatu, na RTX 4070 mpya, ASUS Dual ya feni mbili. Kwa kasi hazipishani sana, kwa hiyo kinachonisumbua ni joto. Kadi ikishinda inarenda (inachakata video ya mwisho) kutwa nzima, ipi itatulia?

Fundi_Wandegeya
Mkubwa, anza na wati. Karibu umeme wote unaoingia kwenye kadi hutoka ukiwa joto. 3080 imepangiwa wati 320, 4070 wati 200. Wati 120 za ziada zinamwagwa humo humo ofisini, chini ya mabati yako. Feni hata zikiwa tano zinahamisha joto kutoka kwenye chipu tu, haziliondoi chumbani. Ikifika saa tisa alasiri kadi inavuta hewa iliyokwisha kupashwa na yenyewe.

Hata hivyo TUF isidharauliwe. Ni kati ya 3080 zilizopozwa vizuri zaidi: mapezi mengi ya alumini, mabomba manene ya shaba, na memori imepewa kipande chake cha kupozea, haikuachwa itegemee sahani ya chipu. Ina pia swichi ya BIOS mbili (mipangilio ya ndani ya kadi), moja ya kasi na moja ya utulivu. Sitashangaa ukiona chipu ya TUF inasoma nyuzi sawa na Dual, ingawa inakula umeme zaidi.

Mzee_wa_Busia
Basi achukue TUF! Chuma kingi, feni tatu, nafasi ya kupumua. Feni mbili za plastiki kwa kazi ya kutwa nzima mimi siziamini.

Fundi_Wandegeya
Mzee wangu, feni mbili kwa wati 200 hazielemewi. Na namba ya chipu ndiyo inayowapoteza wengi. Fungua HWiNFO, programu ya kusoma joto la kompyuta, uangalie mistari mitatu: joto la chipu, joto la Hot Spot, yaani pale penye moto mkali kuliko pote ndani ya chipu, na Memory Junction, yaani joto la memori. Chipu na Hot Spot zikipishana nyuzi 10 hadi 15, kadi ni nzima. Zikipishana 25 au zaidi, pesti ya kupitishia joto imekauka au sinki, kile chuma cha kupozea, haikukaza sawasawa, hata kama chipu yenyewe inasoma 68 na muuzaji anakenua.

Memori sasa. Kadi zote mbili zina memori ya aina ya GDDR6X, lakini 3080 ina vipande 10 vilivyoizunguka chipu, na 4070 ina 6 tu. Memori hiyo ikigonga nyuzi 110, kadi inajipunguza kasi yenyewe. Chipu inaweza kuwa 70 na memori imeshapita 100. Hapo renda inaburuta na mtu analaumu programu.

DadaBlender_Arua
Naunga mkono hilo la memori, na kuna jambo la historia. 3080 ilitoka Septemba 2020, wakati wa homa ya kuchimba Ethereum, sarafu ya kidijitali, kwa kadi hizi. Uchimbaji ule ulikuwa unaikamua memori kuliko chipu, usiku na mchana, mpaka Ethereum ilipoacha mfumo huo Septemba 2022. Kadi nyingi zilizotumika sokoni zimepitia huko. Chipu huwa haina neno, ila pedi, vile vipande laini vya kupitisha joto kati ya memori na sinki, zinakuwa zimekauka au zimetoa mafuta. Ukibadilisha pedi, unene ndio kila kitu: ikizidi unene wa pedi ya awali kwa nusu milimita, sinki inanyanyuka na haikai tena juu ya chipu. Umeponya memori, umeharibu chipu.

Huku Arua mwezi wa pili joto la mchana linapita nyuzi 30. Majaribio ya mtandaoni hufanywa kwenye vyumba vya nyuzi 20 na kidogo. Ongeza tofauti hiyo moja kwa moja juu ya kila namba unayosoma.

Kabale_Juu
Hakuna aliyetaja mwinuko. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari. Hewa hapo ni nyepesi kwa yapata asilimia 13 kuliko Mombasa kwa joto lile lile, na feni ikizunguka kwa kasi ile ile inabeba joto pungufu. Huku kwetu tuko karibu mita 2,000, ila baridi inatufidia.

Mzee_wa_Busia
Asilimia 13 ni nyuzi ngapi? Tusimtishe kijana.

Kabale_Juu
Chache tu, mzee, simtishi. Lakini zinajumlika juu ya joto la mabati na juu ya vumbi. Kadi iliyokuwa na nafasi ndogo kabla ya 110 inaimalizia hapo.

DadaBlender_Arua
Vumbi ndilo adui mkubwa kuliko mwinuko. Lile jekundu la kiangazi, Desemba hadi Februari, linajishikiza katikati ya mapezi chini ya feni, pasipoonekana mpaka ufungue. Weka vichujio mbele ya kasha, na feni zinazoingiza hewa zizidi zinazotoa. Ukipuliza, shika feni kwa kidole isizunguke.

Mhariri_Nasser
Asanteni sana. Sikujua habari ya memori. Je, nikichukua TUF nikaipunguzia umeme?

Fundi_Wandegeya
Inawezekana, na kwa 3080 ningefanya hivyo siku ya kwanza. Kwa MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, shusha kikomo cha nguvu hadi asilimia 75, unabaki na wati 240 na kasi inapungua kidogo tu. Memori nayo inapoa, maana ubao mzima unapoa. Lakini bado umeizidi 4070 kwa wati 40, bila warranti, na pedi hujui zimepitia nini. Pia NVIDIA, watengenezaji wa chipu, wanapendekeza pawa saplai ya wati 750 kwa 3080. Kwa 4070 ni 650. Mkiwa na inveta ya kuvukia umeme ukikatika, hesabu hiyo utaiona kwenye betri.

Kwa ofisi yako mimi nachagua 4070. TUF ningempa mtu mwenye chumba chenye AC na mkono wa kubadilisha pedi.

Mzee_wa_Busia
Kwa wati nakubali. Kwa chuma, bado napenda TUF.

Mhariri_Nasser
Muuzaji wa TUF amekubali niipime dukani. Niiwekee mzigo kwa muda gani?

Fundi_Wandegeya
Nusu saa, kasha likiwa limefungwa. Dakika tano hazitoshi, memori inapanda polepole kuliko chipu. Peleka mradi wako mwenyewe wa Resolve, na HWiNFO iwe wazi tangu mwanzo ili safu ya Maximum ikuonyeshe kilele. Memori ikipita 100 humo dukani, kwenye mabati yako haitakaa.