Kozi ya Kiingereza mwaka wa kwanza chuoni: inafundisha kuandika au kukariri?

Mtoa mada:
Wadau, kozi hii mnaijua. Uwe wa uhandisi au wa biashara, ukiingia chuo kikuu hapa Nairobi utakutana nayo mapema: stadi za mawasiliano, kwa Kiingereza. Muhtasari wake una malengo ya kupendeza: mwanafunzi ataweza kujenga hoja, kupima vyanzo, kuandika ripoti inayoeleweka. Siku ya mtihani anaulizwa nini? Taja na ueleze vikwazo vitano vya mawasiliano. Anataja kelele, umbali, lugha ngumu, anaokota alama zake na kwenda zake. Hoja hajajenga hata moja.

Msimamo wangu: malengo yabaki mawili. Kwanza, mwanafunzi aandike, arudishiwe kazi ikiwa na maoni, aandike upya, na alama zifuate alichorekebisha. Pili, asome kitabu kizima cha fasihi na kukiandikia.

Nikitaja fasihi najua wapo watakaoguna. Ni hapa hapa Nairobi, Oktoba 1968, ambapo Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walitoa waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ivunjwe, fasihi ya Afrika ikae katikati, ile simulizi ikiwemo. Hoja yao ilishika, ikaja Idara ya Fasihi. Lakini wao walikuwa wanabishania tusome nini. Nani amfundishe mwanafunzi wa uhasibu kuandika? Hilo halikupata mwenyewe, mpaka likatupiwa kozi hii.

Sekondari nayo haitusaidii. Insha ya kitabu teule katika karatasi ya tatu ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ina alama 20: utangulizi 2, hoja nne zenye alama 3 kila moja, hitimisho 2, lugha 4. Mtoto anazoea kujaza hizo nafasi, na wengine riwaya yenyewe hawaigusi, wanakomea kwenye mwongozo, kile kijitabu cha dukani chenye maswali na majibu. Mwambie akiwa chuoni aandike kurasa tatu kuhusu uhaba wa maji mtaani kwao, atakutafutia hoja nne.

Mwanafunzi wa kompyuta:
Ripoti sawa, nitaihitaji kazini. Riwaya ya nini? Maudhui na wahusika nilishamaliza kidato cha nne. Nilipe karo nirudie?

Mwandishi wa usiku:
Mimi huwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza, na humu tuko wengi tu, msijifanye. Sikuja kutubu. Nimekuja kusema maagizo ya wateja yamenifunza kuliko ile kozi. Baraza la wasimamizi wa programu za uandishi la Marekani lina waraka wa malengo tangu 2000, ukarekebishwa 2014: kumjua unayemwandikia na mazingira yake, kusoma na kufikiri kwa uhakiki, mchakato wa kuandika, na kanuni. Huo mchakato ndio unaomtaka mwanafunzi apitie rasimu kadhaa. Mteja mmoja alinitumia rasimu ambayo mwalimu wake alikuwa ameandika pembeni: "Nani hatakubaliana nawe hapa?" Aya hiyo niliivunja yote nikaianza upya. Huku kwetu sikuwahi kuulizwa swali kama hilo.

Kwa hiyo kwenye rasimu mtoa mada yuko sawa. Ila asijidanganye: rasimu nazo zinanunuliwa. Hata barua ambayo mwanafunzi huambatanisha na rasimu kueleza amebadilisha nini na kwa nini, nimeiuza. Na siku hizi ChatGPT inaiandika bure.

Mhadhiri wa muda:
Tupige hesabu basi. Darasa la wanafunzi 300, insha moja, rasimu mbili, dakika 10 kila rasimu. Hizo ni saa 100. Mimi nalipwa saa za kusimama darasani tu, na malipo yenyewe huja yakijisikia. Vikwazo vitano nasahihisha kwa dakika mbili. Ndiyo maana vinaulizwa.

Mkazi wa Githurai:
Na mbona Kiingereza peke yake? Katiba ya 2010, kifungu cha 7, lugha rasmi ni mbili, Kiswahili na Kiingereza.

Mtoa mada:
Wa Githurai, sikupingi, ila hilo linastahili mjadala wake.

Ndugu wa kompyuta, ulichofanya kidato cha nne ni kuulizwa maswali ambayo majibu yake yalikuwa tayari dukani. Mimi nataka kitabu kisicho na mwongozo, msimulizi wake anaficha jambo, nawe uonyeshe ni ukurasa gani ulianza kumshuku. Ripoti ya mradi ulioharibika nayo husomwa hivyo hivyo. Aliyeiandika ana sababu zake.

Mwandishi wa usiku umenipata. Basi rasimu ya kwanza iandikwe darasani, kwa kalamu, simu zikiwa mbele kwa mwalimu, na ya pili pia.

Mhadhiri, saa 100 kweli ni mzigo. Tuache insha nzima. Usahihishe aya moja tu kwa kila mwanafunzi, ile yenye hoja yake kuu, uandike swali moja pembeni. Dakika tatu. Kwa watu 300 ni saa 15, na ule mtihani wa vikwazo tunaufuta kabisa. Ungekubali?

Mhadhiri wa muda:
Hizo saa 15 zikilipwa, kesho asubuhi naanza. Lakini ziandikwe kwenye mkataba kuwa ni saa za kazi. Ahadi za kikao cha idara nimeshazisikia.