Naomba ushauri: wanafunzi wangu wamempenda mwalimu wa filamu ya Die Welle

Mwl. wa Uraia
Ndugu zangu, habari za jioni. Ninafundisha Uraia kidato cha tatu na kusimamia klabu ya mijadala. Wiki iliyopita niliwaonyesha wanaklabu filamu ya Kijerumani ya mwaka 2008 iitwayo Die Welle, yaani Wimbi, iliyoongozwa na Dennis Gansel. Humo mwalimu Rainer Wenger amepewa wiki moja kufundisha utawala wa kimabavu, na kwa kuwa wanafunzi wake wanashikilia kwamba udikteta hauwezi kurudi Ujerumani, analigeuza darasa kuwa kundi lenye sare, nembo na saluti yake. Umeme ulikatika tukiwa katikati, tukaahirisha hadi Ijumaa.

Mjadala uliofuata ndio ulionishtua. Nilitarajia waione hatari, wao wakaona shule nzuri. Wenger anapowataka wanafunzi wasimame kabla ya kujibu na wakae wima, wangu hawakuona jambo geni, kwani tangu darasa la kwanza wao husimama mwalimu anapoingia na kuitikia salamu kwa sauti moja. Mashati meupe ndiyo usiseme: wote walikuwa wameyavaa wakati huo huo. Msichana mmoja alisema kwamba Tim, yule mvulana mpweke anayepata wenzake kwa mara ya kwanza, ameokolewa.

Je, niwaonyeshe nusu ya pili, yenye bastola na mwanafunzi anayejiua? Aidha, mwalimu mwenzangu anapendekeza tufanye jaribio kama lile kwa siku tatu, ili somo liwaingie.

Mama Maktaba
Mwalimu, shikilia filamu, jaribio liache. Kisa hiki kina asili ya kweli: mwaka 1967 mwalimu wa historia, Ron Jones, alifanya jambo hilo katika shule ya Cubberley, mjini Palo Alto, California. Alianza na darasa moja, na katika siku chache kundi likapita watu 200. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliwatuma wanafunzi wachache wamletee taarifa za wasiotii, lakini walioleta taarifa wakawa wengi kuliko waliotumwa. Jambo linaloniogopesha zaidi ni kwamba Jones alikiri kuwa na yeye alianza kunogewa. Mwenzako ana uhakika gani kwamba yeye hatanogewa?

Mzee wa Chaki
Mimi ninawatetea watoto. Hawakukosea kuipenda nidhamu, wala sare peke yake haimfanyi mtu kuwa dikteta. Hata Tim kweli amepata kitu alichokikosa nyumbani. Ukiwakemea kwa hilo, watakupa jibu unalolitaka, nawe utakuwa umefanya kazi ya Wenger bila saluti. Rudi kwenye vipande viwili walivyokwisha kuviona. Cha kwanza ni pale darasa linapopigisha miguu sakafuni kwa pamoja ili liwasumbue wale wa chumba cha chini. Waulize adui huyo ametoka wapi, maana dakika chache kabla hakuwapo. Cha pili ni siku mwanafunzi Karo anapokuja na blauzi nyekundu badala ya shati jeupe la kundi na kuwa mgeni katika darasa lake mwenyewe. Wasikilize watakavyoeleza ni nani aliyeamua atengwe. Hapo ndipo nidhamu na kufuata mkumbo vinapoachana.

Binti Saikolojia
Ninaongezea kwa Mzee. Wakihitaji ushahidi nje ya sinema, wasimulie majaribio ya Solomon Asch ya miaka ya 1950 nchini Marekani. Mtu aliulizwa ni mstari upi unaolingana na mwingine, swali la kitoto kabisa, huku wenzake waliopangwa wakitoa jibu lisilo sahihi kwa makusudi. Takribani robo tatu ya watu waliojaribiwa walifuata kosa hilo angalau mara moja. Lakini alipokuwapo mtu mmoja tu wa kusema ukweli, mkumbo ulipungua sana.

Kuhusu mwisho wa filamu, omba kwanza idhini ya mkuu wa shule, waeleze wanafunzi mapema kwamba kuna kujiua, na usiache kengele ya kwenda nyumbani ilie mara picha inapokwisha. Waambie pia kwamba huko Palo Alto hakuna aliyekufa, wasije wakadhani kwamba ubaya wote ulikuwa katika ile bastola.

Mwl. wa Uraia
Ahsanteni sana. Jaribio tumelifuta, na mkuu wa shule ameridhia filamu ila atakaa nasi. Leo nimerudia kipande cha blauzi nyekundu. Walinyamaza kidogo, kisha kiranja wa darasa akauliza kwa nini Mona, anayechukizwa mapema na kuondoka, hakubaki ndani akabishana. Wengine wakamjibu kwamba angebaki angevalishwa shati jeupe tu. Wamebishana hadi kengele ikalia, na swali nimeliacha ubaoni hadi Ijumaa.