Mjadala: Kodi yetu ilipie utafiti wa mate ya panya?

Wakuu, kuna hoja inayorudi kila bajeti: nchi ambayo zahanati zake zinaishiwa dawa haina sababu ya kumlipa mtu achunguze tezi za mate za panya. Naipinga kabisa.

Miaka ya 1950 huko St. Louis, Marekani, Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen walikuwa wanatafuta kitu kinachoikuza mishipa ya fahamu. Waliweka sumu ya nyoka kwenye jaribio ili ivunje asidi za nukleiki (kemikali za urithi kama DNA) tu, mishipa ikachipua kupita kiasi. Cohen akawaza kwamba tezi ya sumu ya nyoka asili yake ni tezi ya mate, akajaribu ya panya dume. Protini inayokuza mishipa imejaa humo! Kisha likazuka jingine. Vitoto vya panya vilivyodungwa maji ya tezi hizo vilifumbua macho siku ya 7 hivi, wakati kawaida ni karibu wiki mbili. Chanzo kilikuwa peptidi (protini fupi) nyingine, yenye amino asidi 53, inayochochea seli za ngozi zigawanyike. Wakapewa Nobel mwaka 1986.

Leo Cuba inatengeneza peptidi hiyo, ya binadamu, na kuidunga kwenye vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari. Wangapi humu wana ndugu aliyekatwa mguu kwa kisukari?

Jibu la kwanza: Mkuu, umechagua iliyofaulu. Mwaka 2003 Institut Pasteur ya Paris ilieleza sialofini, peptidi ya mate ya panya inayopunguza maumivu. Mwaka 2006 ikaja ya binadamu, opiofini, iliyotuliza maumivu ya panya wa maabara sawa na mofini. Duka gani la dawa linaiuza? Panya buku wa Morogoro wananusa makohozi kutafuta TB. Huo ni utafiti ulioanza na shida yetu. Mate tuwaachie matajiri.

Mleta mada: Dada, la opiofini nakubali. Ila Cuba si tajiri, na tukiwaachia matajiri utafiti tunawaachia na bei ya dawa. Sisemi fedha zote ziende huko. Nasema COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, itenge fungu dogo ambalo mwombaji haulizwi faida itaonekana lini, maana Cohen angeulizwa kuhusu kope za vitoto vya panya asingekuwa na jibu. Wewe ungelifuta hata hilo fungu dogo?