Tukiacha hesabu ya miaka, tumuenzi Amitabh Bachchan kwa lipi?

Mpenda Sinema
Wanajamvi, salaam. Kila ifikapo tarehe 11 Oktoba, siku ya kuzaliwa kwa Amitabh Bachchan, mwigizaji wa filamu za Kihindi, husambaa pongezi zinazotaja umri wake na wingi wa filamu zake, kana kwamba kudumu kwenyewe ndiyo kazi. Alizaliwa mwaka 1942, akaonekana kwenye filamu kwa mara ya kwanza mwaka 1969, na mwaka 2024, akiwa na miaka 81, bado alipewa nafasi ya shujaa wa kale Ashwatthama katika Kalki 2898 AD. Je, ni jambo gani hasa katika uigizaji wake linalostahili kuenziwa?

Mzee wa Steringi
Ndugu yangu, mimi nataja kukubali kwake kuzeeka. Sisi tuliokulia kwenye picha za Kihindi tulimjua kama steringi, yaani mhusika mkuu ambaye kwa kawaida hafi, tena steringi wa ajabu, kwa kuwa yeye alikuwa akifa. Katika Sholay ya mwaka 1975, Jai, mhusika wake, anakata roho, na ndipo rafiki yake anapoikagua ile sarafu aliyokuwa akiirusha kila walipotaka kuamua jambo, akakuta pande zote mbili ni sawa. Miaka ya 1990, alipong'ang'ania nafasi za ujana ilhali amevuka miaka 50, filamu kadhaa zilidoda na kampuni yake ikazama kwenye madeni. Mwaka 2000 akakubali kuwa mkuu wa chuo mkali katika Mohabbatein, mapenzi na nyimbo akamwachia Shah Rukh Khan na vijana wenzake. Tangu hapo uzee umekuwa mtaji wake. Katika Piku (2015) ni baba msumbufu ambaye mazungumzo yake yote, hata mezani, huishia kwenye habari za kufunga choo, na nafasi hiyo ikampatia tuzo ya taifa ya mwigizaji bora.

Mtazamaji wa Zamani
Naongezea kwamba njia hiyo alikwisha kuifyeka Dilip Kumar, mwigizaji wa Kihindi aliyemtangulia. Alianza mwaka 1944, akapumzika miaka kadhaa kuanzia 1976, kisha akarejea mwaka 1981 akiwa mtu mzima asiyejifanya kijana. Katika Shakti ya mwaka 1982 yeye ni ofisa wa polisi na Amitabh ni mwanawe aliyeingia kwenye uhalifu. Mwishoni baba anampiga mwana risasi. Tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora mwaka uliofuata aliichukua baba. Isitoshe, katika zaidi ya miaka 50 ya kazi filamu zake hazikufika 70, wakati Amitabh amepita 200, kwa hiyo wingi nao si kipimo.

Binti Pwani
Shikamooni wazee wangu. Hoja ya kukubali kuzeeka ni nzuri, ila naomba tuulize nani alipewa nafasi ya kuchagua. Katika hiyohiyo Shakti, mama yake Amitabh ni Raakhee, aliyezaliwa mwaka 1947, yaani mdogo wake kwa miaka mitano, na ambaye mwaka 1976 alikuwa mpenzi wake katika Kabhie Kabhie. Mwigizaji mwingine, Waheeda Rehman, alikuwa mke wa Amitabh katika filamu hiyo ya 1976. Ilipofika 1978, katika Trishul, amekuwa mama yake. Amitabh alingoja hadi karibu miaka 60 ndipo akaingia kwenye nafasi za wazee, ilhali Raakhee alifikishwa huko akiwa na miaka 35 tu. Kama tunaenzi kudumu, basi hawa walidumu huku milango mingi imefungwa.

Mzee wa Steringi
Marahaba, binti. Hilo nalikubali bila ubishi. Nakumbusha tu kwamba katika Trishul huyo mama anafariki mapema, na mambo yote ambayo mwana anamtendea baba yake baadaye yanatokana na yaliyompata mama. Waheeda alipewa dakika chache, lakini bila yeye kisasi chote kile kingekuwa kelele tupu.