Naomba ushauri: mbio za baskeli kwenye tope la Pemba, ndani ya hadithi ya mapenzi ya watu wazima

KalamuYaMasika
Assalaam alaykum ndugu zangu. Naandika hadithi ya mapenzi ya wakubwa. Wahusika ni mume na mke, miaka 34 na 31, wakaazi wa Wete. Sura ya tatu mume yumo katika mbio za baskeli njia za mashambani, masika yamekolea, mizunguko 5 ya kilomita 3. Mkewe yuko pembeni na baskeli ya akiba na ndoo za maji. Sura ya nne wamerudi nyumbani, mlango umefungwa.

Nimekwama kotekote. Mbio zinasomeka kama za lami iliyorowa: anateleza, anaanguka, anainuka. Na ya chumbani, nikiiandika kwa adabu inapoa, nikiifungua inakuwa matusi. Nataka msomaji aliyewahi kusukuma baskeli tope la magotini aniamini, na mtu mzima mwenye heshima zake asione haya kuisoma. Nisaidieni.

FundiSpoki_Chake
Wa alaykum salaam. Kwanza tenganisha tope. Mvua ikiwa inamwagika, udongo ni uji: unaruka, unaingia machoni, lakini haugandi, gurudumu linajisafisha lenyewe. Kazi inaanza mvua ikishakatika na jua likapiga kidogo. Udongo mwekundu wa mfinyanzi unakuwa kama ugali uliokwisha kusongwa. Unashika tairi, tairi linaokota majani makavu ya mikarafuu, na mchanganyiko ule unajaa kwenye foki, ile panda inayoshika gurudumu, mpaka gurudumu haligeuki. Basi usimwangushe mtu wako mara tatu. Mkwamishe.

Baskeli yake: madigadi yote mawili yatoke, maana tope hushindiliwa humo kama saruji. Tairi jembamba, inchi 1.8 au 1.9, meno marefu yaliyoachana. Tairi pana huziba nafasi ya foki. Kama ni la tyubu na mwenyewe ana kilo 65 hivi, upepo paundi 28 mbele na 30 nyuma. Akipunguza zaidi atashika ardhi vizuri, lakini akigonga mzizi ringi inabana tyubu na kuitoboa matundu mawili sambamba, mfano wa meno ya nyoka. Fremu na foki zipakwe mafuta ya kupikia kwa kitambaa, vijiko viwili vinatosha, tope lisinate upesi. Yasiguse ringi wala sahani ya breki, ama hatasimama.

Kinachovunjika hasa ni mkono wa gia wa nyuma. Majani yanaingia kwenye vile vigurudumu viwili vidogo, mnyororo unakaza, mtu kwa pupa anakanyaga kwa nguvu zake zote. Mkono unavutwa, unapinda, unaingia kwenye spoki, na mbio zimekwisha hapo. Mjuzi akihisi pedeli imekuwa nzito ghafla anashuka, anarudisha pedeli nyuma nusu duara na kuchomoa majani kwa vidole. Wengine hutoa gia kabisa: meno 32 mbele, 20 nyuma, mnyororo mfupi.

Akikwama, abebe. Hushuka upande wa kushoto, kwa kuwa mnyororo uko kulia. Mkono wa kulia unapita ndani ya fremu, bomba la juu linakaa bega la kulia. Kishikio cha chupa kitolewe mapema, kitamchoma mbavu. Baskeli ya kilo 12 ikishavaa tope huongezeka kilo kadhaa, na bega lile jioni litakuwa limevilia damu.

Mtambwe_Kwetu
Wete umepatia: vilima, mabonde ya mpunga, udongo mzito. Ila usimpitishe Micheweni kwa maneno hayohayo. Kule ni nchi ya mawe ya matumbawe, tope ni jepesi na ncha za mawe hukata ubavu wa tairi.

Yule mke usimfanye mshangiliaji, huo utakuwa uonevu kwake. Huko Ubelgiji na Ufaransa, kwenye mbio za tope za majira ya baridi, mwenye mbio hubadilisha baskeli mahali maalumu tu, na msaidizi anaisafisha ile chafu hadi arudi tena. Kilomita 3 kwenye ugali anaousema Fundi ni kama robo saa. Basi mke ana robo saa: achokoe tope la foki kwa kijiti, nusu ndoo ya maji fremu na magurudumu, burashi kwenye mnyororo na vile vigurudumu, kitambaa kikavu, kisha mafuta mapya, tone moja kila kiungo. Mafuta mepesi ya cherehani yatasombwa na maji kabla ya mzunguko kwisha, atumie mazito. Na mikono yake, akimaliza, itakuwa myeusi mpaka kwenye kucha. Umeshaingia sura ya nne hapo.

BiRihani
Nimekuja kwa hiyo sura ya nne. Tatizo lako la kwanza ni sarufi, matusi yanakuja baadaye. Kiswahili hakitofautishi mume na mke kwenye kitenzi. "Alimvua shati, akamshika bega, akashtuka." Nani kamshika nani? Nani kashtuka? Ukirudia jina kila sentensi, inasomeka kama taarifa ya polisi. Dawa iliyo nyepesi ni kumpa mmoja wao usimulizi: "nilimvua", "akanishika". Papo hapo msomaji anajua mwili upi unahisi. Ningempa mke, kwa sababu ndiye mwenye mikono iliyofanya kazi kutwa.

Maneno ya viungo yamegawika mafungu mawili mabaya: ya zahanati na ya barazani usiku. Yote yanamtoa msomaji chumbani. Tuna fungu la tatu, tafsida na mafumbo, lugha iliyobeba taarabu na mafunzo ya somo, yaani kungwi, kwa mwari. Lakini fumbo moja kwa tukio. Ukianza na mashua, baki baharini. Usiruke kwenye embe, kisha kwenye moto.

Pia usirundike udi, asumini, kikuba, kanga na marashi ya waridi katika aya moja. Hiyo inakuwa duka la watalii. Chagua kimoja, na kiingie kikipigana na kitu kingine: asumini juu ya harufu ya chuma kilichorowa ina nguvu kuliko asumini peke yake.

Hesabu mikono. Kabla hujaandika, chora wapo wapi, nani kakaa, nani kasimama, taa iko upande gani. Waandishi wengi humpa mtu mkono wa tatu bila kujua. Na ridhaa ionekane ndani ya tendo: anauliza, anasubiri, anajibiwa. Kusubiri huko ndiko kunakopandisha joto. Sentensi ziwe ndefu mwanzoni, zifupike kadiri pumzi inavyofupika, kisha funga mlango ungali na hamu.

SitaraNaAfya
Mwili baada ya saa nzima ya tope si wa kukimbilia kitandani. Vidole vimekufa ganzi kwa breki, macho yana mchanga, mapaja yamechubuka kwa tandiko. Lile vazi la kuendeshea baskeli, lenye sponji kitakoni, huvaliwa bila nguo ya ndani, na paja hupakwa mafuta mazito ya mgando kabla. Likivaliwa likiwa bichi saa kadhaa baada ya mbio, fangasi hao. Michubuko ioshwe kwa maji safi na sabuni, punje za mchanga zitolewe zote. Tope kavu likisuguliwa hukwaruza, hurowekwa kwanza. Mpe mke kata na ndoo ya maji ya uvuguvugu, na kuosha kuwe sehemu ya mapenzi yao. Ni kweli kimwili na hakuhitaji neno hata moja chafu.

Mtambwe_Kwetu
Nyongeza fupi kuhusu kuchapisha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 14, inakataza kuchapisha ponografia kwa kompyuta, na inatumika Zanzibar pia. Kwa hiyo ushauri wa BiRihani unakulinda vilevile.

KalamuYaMasika
Allah awalipe kheri. Nimejaribu, mke ndiye anayesimulia:

"Nilimmwagia kata ya kwanza mabegani, nikangoja tope lilainike. Nilipofika bega la kulia alivuta pumzi. Nikaondoa mkono. 'Hapo fremu ilikaa,' akasema. 'Nikuache?' Hakujibu, aliushika mkono wangu mweusi, akaurudisha palepale, taratibu, kama mtu anayeweka taa."

BiRihani
Hiyo imesimama. "Kama mtu anayeweka taa" iache, ila usilete mfano mwingine mpaka ukurasa uishe.

FundiSpoki_Chake
Zuri. Umesahau shavu la mguu wa kulia, kwa ndani: kila anayepanda na kushuka kwenye tope huondoka na alama ya meno ya mnyororo pale, nyeusi, ya mafuta. Kata ya maji haitaitoa, wala sabuni peke yake. Ni mafuta ya kupikia kwanza, asugue kwa kidole gumba, kisha sabuni. Chupa ile ile iliyopaka fremu asubuhi.